Saba Saba: Tarehe Moja, Kalenda Nyingi na Uteuzi wa Siku ya Kiswahili Duniani

Ikisiri

Tangu mwaka 2022, Julai 7 huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo ilikuwa na wenyewe kabla ya hapo, katika Afrika Mashariki na kwingineko. Makala hii inafuatilia njia ambazo maadhimisho mbalimbali yalipitia hadi yakakutana katika tarehe hiyo moja, huku ikizingatia zaidi jina Saba Saba katika Tanzania na Kenya. Inadai kwamba uteuzi wa tarehe ni fasiri ya historia, na kwamba fasiri iliyopitishwa Paris mwaka 2021 inaiweka historia ya Kiswahili ndani ya siasa za mwaka 1954 na kuziacha pembeni historia nyingine za lugha hiyo.

Siku yenye wenyewe wengi

Julai 7, 2024 ilikuwa Jumapili. Mjini Mombasa, wajumbe kutoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wakihitimisha maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani. Mjini Nairobi, vijana walikusanyika katika bustani ya Uhuru kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa majuma machache kabla, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Mjini Dar es Salaam, katika viwanja vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa, yalikuwa yakiendelea Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya mara ya 48. Aliyeulizwa katika mji wowote kati ya hiyo mitatu kwamba leo ni siku gani angeweza kujibu kwa neno lilelile: Saba Saba. Hata hivyo, wa Dar es Salaam angekuwa na soko akilini, wa Nairobi angekuwa na maandamano na marehemu, na wa Mombasa, ikiwa ni mmoja wa wajumbe, angekuwa na lugha.

Ni rahisi kulipita jambo hili kwa kusema kuwa ni sadfa. Mwaka una siku 365, matukio hayana idadi, kwa hiyo hapana budi mengine yaangukie siku moja. Hoja hiyo ni sahihi kihesabu, lakini haitoshi kihistoria. Maadhimisho hayaangukii tarehe kama mvua inavyoangukia paa. Kila moja lina watu waliolipeleka pale lilipo, na mara nyingi watu hao walijua nani aliyewatangulia.

Jina na kalenda yake

Jina lenyewe linastahili kutazamwa kabla ya matukio yake. Katika Kiswahili, namba inaporudiwa huonesha mgawanyo: watoto walipewa maandazi saba saba, wageni waliingia wawili wawili. Saba Saba ya tarehe haina maana hiyo. Ni ufupisho wa 'siku ya saba ya mwezi wa saba', ambapo maneno ya kati yameondolewa na namba mbili zikaachwa zimekaa pamoja. Ina sura ya uradidi, lakini si uradidi. Namba ya kwanza inahesabu siku na ya pili inahesabu mwezi, na zimefanana kwa sababu tu tarehe yenyewe iko hivyo. Ndiyo maana muundo huu haukuenea katika tarehe nyingine za taifa. Siku ya uhuru wa Tanganyika hutajwa kwa namba na jina la mwezi, Tisa Desemba, wala hakuna aliyewahi kuhitaji kuiita Tisa Kumi na Mbili. Nane Nane ilifuata njia ya Saba Saba kwa sababu masharti yake ni yaleyale.

Sharti kubwa ni kwamba miezi iwe imehesabiwa, na tena ihesabiwe kuanzia Januari. Kuhesabu vipindi kwa namba si jambo geni kwa Mswahili: Jumamosi hadi Jumatano ni ushahidi wa kutosha. Lakini 'mwezi wa saba' haukuwa na maana moja tangu zamani. Katika hesabu ya pwani inayofuata mwandamo wa mwezi, miezi huhesabiwa baada ya Ramadhani kwisha: Mfunguo Mosi ndio Shawwal, Mfunguo Sita ndio mwezi wa Maulidi, na Mfunguo Saba ni Rabiul-Akhir. Siku ya saba ya Mfunguo Saba huizunguka misimu yote, kiangazi na masika, katika muda wa miaka ipatayo 33. Mwaka wa jua wa Nairuzi nao, ambao Makunduchi bado wanaukaribisha kwa Mwaka Kogwa, huhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Humo hamna mwezi wa saba wa kuutaja. Kwa hiyo Saba Saba ni jina la Kiswahili lenye namba iliyotoka katika Kiarabu, na limesimama juu ya kalenda ya Papa Gregori XIII iliyotiwa nguvu na ofisi na shule za kikoloni. Mzee wa pwani wa karne ya 19 angeyaelewa maneno yote mawili, lakini asingejua ni siku gani inayotajwa.

Tarehe hii ina sifa nyingine ndogo iliyoisaidia kusafiri. Waingereza hutanguliza siku, Wamarekani na Wachina hutanguliza mwezi; kwa 7/7 tofauti hiyo hupotea. Si Kiswahili peke yake kilichoitumia nafasi hiyo. Mapigano yaliyoanza usiku wa Julai 7, 1937 katika daraja la Lugou karibu na Beijing, ambayo yalifungua vita kamili kati ya China na Japani, huitwa na Wachina tukio la Qi-Qi, yaani 'saba-saba'. Mashambulizi ya mabomu ya Julai 7, 2005 katika usafiri wa umma wa London, yaliyoua watu 52, Waingereza huyataja kwa namba hizohizo mbili. Lugha tatu zisizo na undugu zimefika kwenye jina moja, kila moja kwa sababu zake, na katika zote tatu jina hilo limekuwa la kutajia jambo zito kwa maneno machache.

Njia nne za kuifikia Julai 7

Mfano wa Asia ya Mashariki unafaa kukaliwa kidogo, maana unaonesha wazi kwamba tarehe moja inaweza kuwa mbili. Wachina wana sikukuu ya kale ya nyota mbili zinazopendana, Qixi, inayofanyika usiku wa saba wa mwezi wa saba wa kalenda yao ya mwezi na jua. Japani iliipokea na kuiita Tanabata. Hadi hapo nchi zote mbili zilikuwa na 'saba saba' moja, na kwa kawaida iliangukia Agosti. Januari 1, 1873 serikali ya Meiji iliingiza Japani katika kalenda ya Gregori. Je, Tanabata ifuate mwezi ulio angani au namba zilizo katika jina lake? Sehemu kubwa ya Japani ilifuata namba, na sikukuu ikahamia Julai 7, katikati ya msimu wa mvua, wakati nyota zinazosherehekewa mara nyingi zimefichwa na mawingu. Mji wa Sendai ulichagua njia ya kati: huisherehekea Agosti 6 hadi 8, mwezi mmoja baadaye, ukibaki karibu na majira ya asili. China nayo iliingia katika kalenda mpya mwaka 1912, lakini Qixi ikaachwa katika hesabu ya zamani. Matokeo yake ni kwamba nchini China sikukuu ya wapendanao na kumbukumbu ya vita vya 1937 hazikutani, ilhali Japani Tanabata huadhimishwa siku ileile ambayo China inakumbuka mwanzo wa vita hivyo.

Mjini Pamplona, Hispania, hapakuwa na mabadiliko ya kalenda, bali uamuzi wa watu kuhusu hali ya hewa na biashara. Sikukuu ya Mtakatifu Fermín ilikuwa Oktoba 10. Mwaka 1591 ilihamishiwa Julai 7, ili iepuke baridi na mvua za Oktoba na ikutane na gulio la majira ya joto. Mbio za mafahali zinazojulikana leo duniani kote huanza asubuhi ya siku hiyo.

Kwa Waorthodoksi wa Urusi mambo ni kinyume: sikukuu haikusogea, tarehe ndiyo iliyosogea. Kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, kunakoambatana na desturi za kale za moto na maji ziitwazo Kupala, ni Juni 24 katika kalenda ya Juliani. Kwa kuwa kalenda hiyo imebaki nyuma ya ile ya Gregori kwa siku 13 katika karne ya 20 na ya 21, Juni 24 yao ndiyo Julai 7 ya wengine. Mwaka 2100 pengo litakuwa siku 14, nayo sikukuu hiyo itaondoka katika Julai 7 bila mtu yeyote kuamua. Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine halikungoja: Septemba 2023 lilibadili kalenda, na sikukuu hiyo ikarudi Juni 24, katika wakati ambapo kujitenga na kalenda ya Moscow kulikuwa tamko la kisiasa.

Visiwa vya Solomon vilipata uhuru kutoka Uingereza Julai 7, 1978. Hapo tukio ndilo lililoizaa siku. Kuna basi tarehe inayozaliwa na tukio, inayohamishwa na watu, na inayoletwa na kalenda. Njia ya nne, ya kuichagua tarehe kwa sababu tayari ina uzito, ndiyo inayohusu Afrika Mashariki zaidi.

Kutoka chama hadi soko

Chama cha Tanganyika African Association kiliundwa mwaka 1929. Julai 7, 1954, katika mkutano wake uliofanyika Dar es Salaam chini ya Julius Nyerere, kiligeuzwa kuwa Tanganyika African National Union. Siku ya kuzaliwa kwa TANU ikawa siku ya taifa baada ya uhuru, na baada ya mwaka 1965, TANU ilipokuwa chama pekee cha kisiasa kilichoruhusiwa Tanganyika, hapakuwa na tofauti kubwa kati ya sherehe ya chama na sherehe ya dola. Kwa kuwa chama kilijitambulisha kuwa cha wakulima na wafanyakazi, Saba Saba ikawa pia siku ya wakulima, yenye maonesho ya mazao na mifugo.

Februari 5, 1977 TANU iliungana na Afro-Shirazi Party kuunda Chama Cha Mapinduzi. Tarehe hiyo haikuokotwa: ilikuwa miaka kumi kamili tangu Azimio la Arusha kutangazwa. Waliounda chama kipya walijua vyema kuwa tarehe hubeba mamlaka, wakaichukua ile iliyokuwa na mamlaka makubwa zaidi. Kwa kufanya hivyo waliiacha Saba Saba bila chama cha kuzaliwa siku hiyo. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, ilikuwa vigumu zaidi kwa taifa zima kupumzika kazi kwa ajili ya kumbukumbu ya chama kimoja. Katika miaka ya 1990 wakulima walihamishiwa Agosti 8, Nane Nane, na Saba Saba ikabaki kuwa siku ya biashara. Tarehe haikufutwa, wala jina halikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni maana.

Mabadiliko hayo yalifanyika kwa utulivu kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa Temeke baada ya hapo hukua akijua Sabasaba ni mahali, penye lango, tiketi na mabanda, kabla hajajua kuwa ni tarehe. TANU kwake ni somo la darasani.

Kamukunji

Ng'ambo ya mpaka jina hilo lilichukua njia nyingine kabisa. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, walidai hadharani kwamba Kenya iache mfumo wa chama kimoja. Waliitisha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi, Julai 7. Kibali kilikataliwa, na Julai 4 wote wawili wakakamatwa. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, machafuko yakaendelea kwa siku kadhaa na kufika miji mingine, na watu wakauawa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kiliondolewa katika katiba.

Kejeli ya jambo hili haijapewa uzito unaostahili. Mwaka 1990 Saba Saba ilikuwa bado, nchini Tanzania, siku yenye kumbukumbu ya chama kilichokuja kuwa chama pekee. Siku hiyohiyo, kwa maneno hayohayo, ikawa nchini Kenya jina la madai ya kukomesha chama pekee. Hapana haja ya kudhani kwamba waandaaji wa Nairobi walikuwa wakijibizana na Dar es Salaam ili kuiona nguvu ya jina walilolipata. Lilikuwa fupi na rahisi kutamkwa na kila kabila la jijini, na halikumtaja mtu wala chama. Katika nchi ambayo hotuba za upinzani zingeweza kumfikisha msemaji kizuizini, tarehe tupu ilikuwa tangazo la mkutano lisilo na kosa ndani yake.

Tangu hapo Saba Saba ya Kenya imekuwa ikirudiwa kwa makusudi. Wadai mageuzi ya katiba waliitumia tena Julai 7, 1997, na damu ikamwagika. Upinzani uliitisha mkutano mkubwa siku hiyo mwaka 2014. Julai 7, 2025 barabara za kuingia katikati ya Nairobi zilifungwa na watu wakauawa tena katika sehemu mbalimbali za nchi. Muundo wa jina nao umezaa mtoto. Agosti 8, 2024 vijana waliitisha maandamano kwa jina la Nane Nane, jina ambalo Mtanzania hulisikia akakumbuka mbegu, trekta na ng'ombe wa maonesho.

Uteuzi wa Paris

Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO, uliofanyika Paris, ulipitisha Novemba 23, 2021 kwamba Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa heshima hiyo, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo liliikubali siku hiyo mwaka 2024. Hoja iliyotolewa kwa tarehe ni ya kihistoria: kwamba Julai 7, 1954 TANU, chini ya Nyerere, ilikitangaza Kiswahili kuwa chombo muhimu cha kupigania uhuru. Iliongezwa pia kwamba Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 30, 1999, ulianza kutumika Julai 7, 2000.

Hoja ya kwanza inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwamba TANU ilijengwa kwa Kiswahili hakuna mwenye kubisha. Mikutano ya hadhara ya miaka ya 1950 isingewezekana kwa lugha nyingine, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari kimeenea kwa njia za misafara, shule, jeshi, mashamba ya mkonge na miji. Lakini huo ni mwenendo wa miaka, wala hauna siku moja. Aliyetaka kugombea Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 alipaswa kujua Kiingereza. Agizo la kutumia Kiswahili katika shughuli za serikali lilitolewa na Rashidi Kawawa mwaka 1967. Kuyabana yote haya ndani ya siku moja ya 1954 ni kuifanya tarehe ya chama kuwa tarehe ya lugha. Kazi hiyo inaeleweka katika diplomasia. Katika historia ya lugha inaacha pengo.

Pengo hilo huonekana wazi zaidi zikitazamwa tarehe ambazo hazikuchaguliwa. Januari 1, 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kinachoandikwa hadi leo katika shule za nchi kadhaa. Kwa upande wa taratibu za lugha, siku hiyo ina dai kubwa kuliko Julai 7, 1954. Lakini ilikuwa kamati ya serikali za kikoloni, iliyoipa lahaja ya Unguja kipaumbele na kuwaudhi washairi wa Mombasa na Lamu. Ni vigumu kufikiria bara huru likiisherehekea. Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728. Urithi huo wa kaskazini ya pwani ni mkongwe kuliko chama chochote, lakini umewekwa katika kalenda ambayo siku zake hazitulii katika jedwali la Gregori. Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu nacho, ambacho kilikua katika migodi, masoko na kambi za wafanyakazi, hakina tarehe kabisa, na TANU haimo katika historia yake.

Kwa hiyo Julai 7 ilichaguliwa kwa sababu inamwambia msikilizaji kwamba Kiswahili ni lugha ya ukombozi, na ya Waafrika wenyewe. Dai hilo lina ukweli wake, na huenda hakuna tarehe nyingine ambayo ingelitamka kwa ufasaha hivyo. Lakini Kenya, yenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili na washairi wake wa kale, ilipokea tarehe ambayo kwake tayari ilikuwa na wafu. Mwalimu wa Nairobi anayeandaa mashairi ya wanafunzi kwa ajili ya siku hiyo hupanga akijua kwamba huenda shule zikafungwa kwa hofu ya maandamano. Hapo swali la Tanabata linarudi: maadhimisho yafuate kitu chenyewe, au yafuate namba zilizo katika jina?

Tahajia nayo imeanza kutofautisha. Tanzania huelekea kuandika Sabasaba kwa neno moja, hasa kwa viwanja na maonesho. Neno limeungana kama majina mengi ya mahali yanavyofanya yakishazoeleka. Magazeti ya Kenya huandika Saba Saba kwa maneno mawili, na bado humlazimu msomaji aangalie tarehe.